Boila Namba Mbili

Zamu yangu huanza saa kumi na moja alfajiri,
Barabara ya Lunga Lunga bado ina harufu ya sabuni ya jana.
Natia sahihi daftarini: Mutheu, boila namba mbili.
Kisha nasikiliza.

Watu hudhani maji ni maji tu.
Nimeyalea miaka kumi na tisa, nayajua yana pumzi.
Yakija baridi kutoka mfereji wa kanjo
yamebeba hewa kisirisiri,
kama mtoto aliyeficha sukari shavuni.
Na hewa hiyo ndiyo inayokula chuma.
Ukiyaingiza hivyo hivyo, mabomba yatatoka vidonda vya kutu,
kimoja, kingine,
na siku moja utaitwa ofisini ueleze.

Basi kwanza nayapeleka tangi la juu,
nayapasha,
nayapasha,
mpaka yaiachilie.
Joto likipanda, maji hushindwa kushika gesi:
kiganja kinachotetemeka hakibebi unga.
Inatokea tundu la darini, fyuu, haina rangi,
inakwenda zake juu ya mabati ya Mukuru bila kuaga.

Nyumbani, Pipeline, ghorofa ya tano,
naliona jambo lilelile kwenye sufuria ya chai.
Kabla ya kuchemka, viputo vidogo hung'ang'ania kando.
Mwanangu Ndanu aliuliza kama maji yanatoka jasho.
Nikamwambia, huo bado si mvuke; hiyo ni hewa inafungasha.
Mvuke huja baadaye, na Nairobi haungoji nyuzi mia:
tisini na nne, tisini na tano, maji yashafoka,
kwa kuwa tuko juu, na hewa haituelemei sana.
Anayetuelemea ni landilodi.

Februari ile ya jua kali, ngege wa Wekulo walikufa.
Aliwafuga kwenye pipa la plastiki nyuma ya stoo.
Nilimwambia asubuhi: funika, tafuta kivuli.
Saa nane walikuwa juujuu, midomo wazi,
wakitafuna hewa kama watu waliosahau neno.
Alilia, mwanamume mzima, spana mkononi.
Maji yalikuwa safi, akasema.
Nami nikasema ndiyo, yalikuwa safi.

Sasa, kwenye kile kitabu cha boila kilicholowa dizeli
kuna mchoro nilioupita miaka yote.
Mstari unashuka, unashuka, kadiri joto linavyopanda,
hadi karibu na mia. Hapo unagusa chini.
Halafu, ndani ya chuma kilichofungwa, penye shinikizo,
unainuka.
Maji yaliyoikataa gesi yanaanza kuipokea tena,
na yakizidi kuunguzwa yanazidi kupokea.

Nilisoma mara tatu.
Nikamuuliza injinia. Akasema ndivyo,
akaendelea na mandazi yake.

Dada yangu Kasiva hajakanyaga kwangu tangu tumzike mama.
Moto wa wakati ule ulitutenganisha; sikatai, nami nilichochea.
Wiki jana alipiga simu, usiku wa manane.
Daktari amemwambia jambo.
Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeomba radhi.
Aliuliza tu kama chumba cha nyuma kina dirisha.

Kina. Dogo, linatazama ukuta wa jirani,
lakini linafunguka.

Geji inasoma baa saba, sindano imetulia.
Ndani humo sioni kitu, hakuna anayeona;
nasikia tu mngurumo, na nyayo zangu zinatetemeka kidogo.
Nikitoka saa saba nitapitia Muthurwa
niulize bei ya godoro.
La inchi sita. Nne halitoshi,
mgongo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni.